Viti vya Kale: Tuuze, au Tutunze?

Akina mama wenzetu,

Katika nyumba zetu, kuanzia milima ya Umatengo hadi mwambao wa Ziwa Nyasa, mgeni haulizwi habari akiwa amesimama. Kwanza huambiwa, "Karibu kiti." Mama mwenye nyumba hukipangusa kwa ncha ya kanga yake, mgeni akaketi, ndipo habari za safari zikaanza. Lakini tukitazama vizuri tutaona jambo moja. Mama huyo akishamkaribisha mgeni, yeye mwenyewe hukaa mkekani. Viti ni vya baba, vya wageni na vya wakubwa wa kanisa. Sisi kazi yetu ni kuvifuta vumbi.

Mwezi huu tunapenda kuzungumza nanyi juu ya viti. Hasa vile vya zamani vya mezani, vya mbao nyekundu ya mahogani, vilivyochongwa nakshi huko Uingereza. Bado vinaonekana hapa na pale katika nyumba za zamani za misheni, na katika familia chache ambazo wazee wao walifanya kazi na wamisionari. Siku hizi vinatafutwa. Barabara ya lami imeshuka kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na nyuma ya wanunuzi wa kahawa na dagaa wanakuja pia wanunuzi wa vyombo vya kale. Wao wanajua wanachokitafuta. Je, sisi tunajua tulicho nacho?

Vilifikaje huku kwetu?

Wamisionari wa Kianglikana wa Misheni ya Vyuo Vikuu, iliyojulikana sana kwa herufi UMCA, walifanya makao yao katika kisiwa cha Likoma mwaka 1885, na kutoka huko walihudumia pande zote za ziwa. Meli yao Chauncy Maples iliundwa Glasgow, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa na kushushwa majini mwaka 1901. Mmoja wa wale wa kwanza, William Percival Johnson, alifariki Liuli mwaka 1928, na kaburi lake liko hapo hapo.

Mzigo uliotoka Uingereza katika miaka hiyo ulipita pwani ya Msumbiji, ukapanda mito ya Zambezi na Shire. Pale ambapo maporomoko ya Shire yalizuia vyombo vya majini, mizigo ilibebwa na watu. Basi kiti kilichofika mwambao wetu kwa njia hiyo kilifika kwa nguvu za wapagazi wa Kiafrika, ambao majina yao hayakuandikwa popote.

Huko juu milimani historia ni nyingine kidogo. Wabenediktini kutoka Ujerumani walifika Peramiho mwaka 1898, nao wakaanzisha karakana na kuwafundisha vijana useremala. Kwa sababu hiyo samani nyingi nzuri za kale katika nchi ya juu zilitengenezwa na mikono ya hapa hapa. Tulikumbuke jambo hili, maana litatufaa mbele.

Tena, mahogani wenyewe si mti wa Uingereza. Ulitoka visiwa vya Jamaica na Cuba, na pwani ya Honduras. Mwaka 1721 Bunge la Uingereza liliondoa ushuru wa mbao zilizotoka katika makoloni yake ya Amerika, na baada ya hapo mbao hizo nyekundu zikamiminika London. Waliokata miti ile na kuikokota hadi mtoni walikuwa watumwa waliotolewa Afrika. Utumwa katika makoloni hayo ya Waingereza ulifutwa kwa sheria iliyoanza kutumika mwaka 1834.

Hapo yafaa tutulie tufikiri. Babu na bibi zetu wa ziwa hili walifungwa minyororo wakapelekwa Kilwa kwa miguu, na wengi wao wakauzwa katika soko la Unguja, ambalo lilifungwa mwaka 1873. UMCA walikuja kupinga biashara ile. Na wao, pengine bila kufikiri, walikalia viti vya mti ambao kwa zaidi ya miaka mia moja ulikatwa kwa jasho la watumwa. Hatusemi haya ili mtu avichukie viti. Twasema ili anayekifuta kiti ajue kwamba urembo ule una historia ya watu weusi ndani yake, kabla hata hakijafika Afrika.

Mnunuzi alipobisha hodi

Sasa tuwasimulie yaliyotupata. Katika mwambao wetu kuna nyumba moja ya zamani ya kanisa yenye viti vinane vya namna hiyo kuzunguka meza ndefu. Sita havina mikono; viwili vyenye mikono hukaa kwenye ncha za meza. Migongo yake imechongwa nakshi kama utepe uliosukwa, na miguu ya mbele imepinda kama goti, ikaishia katika kucha za ndege zilizoshika tufe. Sisi akina mama wa kujitolea tumevipangusa kila Jumamosi kwa miaka mingi. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amevikalia.

Siku moja alifika mnunuzi na gari aina ya pikapu. Alivizunguka viti, akavipindua, akapitisha kidole chini yake. Kisha akasema anavitaka vile sita. Viwili vyenye mikono alivisukuma kando: "Hivi ni vya hapa hapa tu." Kwa sita hivyo alikuwa tayari kutoa viti thelathini vya plastiki, na juu yake fedha taslimu za kutosha magodoro manane.

Wenzetu, magodoro manane si jambo dogo. Karibu na zahanati yetu kuna nyumba ambamo wajawazito wanaotoka vijiji vya mbali husubiri siku zao za kujifungua. Wengine hushuka milimani wiki mbili au tatu kabla, kwa sababu mvua ikikolea njia za miguu huwa utelezi mtupu, na uchungu haungoji mtu avuke mto. Sisi wauguzi tunawahimiza waje mapema. Lakini wakija wanalala juu ya mikeka sakafuni, na wengine hukata tamaa wakarudi makwao. Mama akijifungulia njiani akavuja damu, hakuna kiti cha thamani kitakachomrudisha. Kwa hiyo wengi wetu tulisema mara moja: viuzwe!

Jambo lilipelekwa kwenye kamati. Lugha yetu humwita anayeongoza kikao mwenyekiti, yaani mtu mwenye kiti. Wanakamati walikaa kwenye viti, na sisi tulioitwa kutoa maoni tulikaa mkekani karibu na mlango. Mama mmoja mzee, mkunga wa jadi wa siku nyingi, alitaka kusimama aseme. Magoti yalikataa. Ilibidi wawili wamwinue. Alipopata pumzi alisema maneno machache tu: kabla ya kuuza kitu, mwiteni anayekijua.

Aliyoyaona fundi

Akaitwa fundi seremala mzee wa kijiji cha jirani. Tunayaandika aliyotuonyesha, maana yanaweza kumfaa kila mama mwenye kiti cha kale nyumbani.

Kwanza, alikipindua kiti. Uzuri wa kiti uko mbele, alisema, lakini ukweli wake uko chini. Viungo havikuwa na msumari. Ubao mmoja ulikuwa na ulimi ulioingia katika tundu la ubao wa pili, ukashikwa kwa gundi na vijiti vidogo vya mbao.

Pili, ndani ya fremu na chini ya kikalio tulikuta alama zilizokatwa kwa patasi, namba za Kirumi, kuanzia moja hadi sita. Mafundi wa zamani waliweka alama hizo ili kila kikalio kirudi kwenye fremu yake.

Tatu, alitwambia tulinganishe nakshi. Zilizochongwa kwa mkono hazifanani kabisa. Ukucha mmoja ni mnene, mwingine mwembamba. Zikifanana zote kama sarafu, huenda ni kazi ya mashine.

Nne, alitazama mahali palipolika. Kiti kilichotumika huchakaa pale mikono inaposhika na visigino vinapogonga. Kama kimechakaa kila mahali sawasawa, pana mtu aliyekizeesha makusudi ili akiuze kwa bei.

Fundi hakutudanganya juu ya umri. Mtindo wa namna hiyo ulienezwa na Thomas Chippendale wa London, aliyetoa kitabu cha michoro ya samani mwaka 1754. Lakini kuwa na mtindo wake si kuwa kazi ya mkono wake. Viti vya mtindo huo viliigwa mno katika karne ya 19 na ya 20, na vingi vilivyosafiri kwenda nchi za mbali ni vya wakati huo wa baadaye. Vyetu sita vilitoka Uingereza, na ni kazi nzuri ya kale. Zaidi ya hapo hakuapa.

Kisha akaja kwenye vile viwili alivyovikataa mnunuzi. Alikaa navyo kwa muda mrefu kuliko vile sita. Havikuwa na namba. Mbao zake zilikuwa za mkangazi, mti wetu wenyewe, ambao majirani zetu wa Malawi huuita mbawa. Mahogani wa Amerika na mkangazi wa Afrika ni ndugu wa ukoo mmoja, na hata mwarobaini ulio uani kwako ni wa ukoo huo huo. Viungo vya viti vile viwili vilikuwa vimekaza kuliko vya vile sita, na nakshi zake zilifuatwa ukucha kwa ukucha. Seremala wa huku, zamani hizo, aliviweka vile sita mbele yake, akapima, akaona vilivyokosekana, akavitengeneza. Jina lake halikuandikwa popote.

Mbegu haipikwi yote

Hapo ndipo mazungumzo yetu yalipogeuka. Sisi ni wakulima. Kila mama wa huku anajua kwamba hata njaa ikibisha hodi, kuna maharage ambayo hayaingii chunguni kwa sababu ni mbegu. Kitabu kile cha mwaka 1754 kilikuwa mbegu: michoro iliyotolewa ili maseremala wa mahali pengine waone na kutengeneza. Na viti vyetu sita vilikwisha kuzaa viwili. Mnunuzi alikuwa ananunua mbegu kwa bei ya maharage ya kula.

Tulirudi kwenye kamati tukaomba mambo mawili: viti visiuzwe kwa mnunuzi yule, na fundi aruhusiwe kuvipima na kuvitumia kufundishia vijana. Wengine walipinga, na hoja yao ilikuwa nzito. Magodoro je? Mjamzito wa wiki hii atalalia vipimo vya fundi? Hatukuwa na jibu jepesi. Tulikubaliana kwamba katika kila kiti kitakachouzwa na vijana wale, fungu liende kwenye nyumba ya wajawazito, na sisi wenyewe tuchange kutokana na mikeka, dagaa na kahawa kidogo ya nyumbani. Kamati ilikubali, kwa kura chache tu za kuzidi.

Uamuzi huo ulikuwa na gharama, na hatutaki kuificha. Msimu mzima wa mvua ulipita wajawazito wakiwa bado wanalalia mikeka. Godoro la kwanza lilinunuliwa baada ya familia moja kuagiza viti vinne kwa ajili ya harusi ya binti yao. Mpaka tunapoandika haya magodoro ni matano. Matatu bado. Lakini vijana watatu wanajua kutengeneza kiungo cha ulimi na tundu, na kazi hiyo haitapakiwa kwenye pikapu ikaondoka.

Fundi aliwawekea vijana wake sharti moja: wanunue mbao zenye kibali tu, na kila mmoja apande miche. Mkangazi umekatwa mno. Mwaka 2022 nchi za mkataba wa CITES, unaosimamia biashara ya kimataifa ya mimea na wanyama walio hatarini, zilikubaliana kwamba mbao za mkangazi wa Afrika zisivuke mipaka bila kibali. Mwenzake wa Amerika mwenye majani mapana alikwisha kuwekwa katika orodha hiyo kwa uamuzi wa mwaka 2002. Kilichotokea Jamaica kinaweza kutokea kwetu.

Kiti ni sehemu ya afya

Tukiongea kama wauguzi, tunapenda mjue kwamba kukaa si starehe tu. Mjamzito wa miezi ya mwisho akiketi sakafuni hupata taabu kubwa kuinuka. Mzee mwenye magoti mabovu hupunguza kunywa maji ili asisumbue watu kumwinua aende msalani, na mwili wake hudhoofika. Kiti kizuri kwa watu hawa ni kile ambacho nyayo zote mbili zinakanyaga chini na magoti yanakunjika sawasawa, na chenye mikono ya kujiinulia. Mama anayenyonyesha naye aegemeze mgongo, amlete mtoto kwenye titi, asiinamie mtoto. Maumivu mengi ya mgongo tunayoyasikia kliniki yangepungua kwa jambo hilo moja.

Kwa sababu hiyo vile viti viwili vyenye mikono, vile "vya hapa hapa tu", vimehamishwa kutoka ncha za meza. Kimoja kiko barazani mwa nyumba ya wajawazito. Cha pili hukaliwa na yule mkunga mzee kila kikao kinapofanyika. Sasa akitaka kusema husimama mwenyewe.

Namna ya kuvitunza

Usiviache juani wala mahali penye unyevu. Hewa ya ziwani ni nzito, na jua la mchana ni kali. Mbao zikivimba na kunywea kila siku viungo hulegea. Usiviburuze kwa kuvuta mgongo. Viinue kwa kushika chini ya kikalio.

Miguu isigusane na udongo wala saruji yenye maji, kwa ajili ya mchwa. Kila mwezi pindua kiti utazame. Ukiona unga laini sakafuni chini yake, kuna wadudu ndani. Kitenge na vingine, umwite fundi. Tafadhali usipulizie dawa ya kahawa! Kiti cha mezani hukaliwa na watoto wanaokula kwa mikono, na sumu ile haichagui mdudu na mtoto.

Kwa kung'arisha, yeyusha nta ya nyuki katika kikopo kilichowekwa ndani ya sufuria ya maji ya moto. Ukishakiondoa mbali kabisa na moto, changanya na tapentaini kidogo. Paka kwa kitambaa laini, kidogo sana, kisha sugua. Mabaki yake yafiche watoto wasiyafikie. Usikubali kiti cha kale kipigwe msasa na vanishi mpya ili "kipendeze", maana ngozi ile nyeusi ya miaka mingi ikiondoka hairudi. Kiungo kikilegea kisipigwe msumari. Kifunguliwe, gundi ya zamani ikwanguliwe, kigundishwe upya.

Mzungumze nyumbani

Mwisho, akina mama, mambo haya hayaishii kwenye nyumba za kanisa. Wako wanaopita mitaani wakibadilisha vyombo vipya kwa vya zamani, na mara nyingi hubisha hodi wakati mmoja wenu hayupo. Basi wekeni neno hili mapema, mume na mke: hakuna kitu cha kale kitakachotoka nyumbani siku ile ile kilipoulizwa bei. Na sisi wenyewe tusiuze cha mume bila yeye kujua. Katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya nne, tunamsoma mwanamke wa Shunemu. Alizungumza kwanza na mumewe, ndipo wakamwandalia nabii Elisha chumba chenye kitanda, meza, kiti na taa. Alijua thamani ya kiti, alijua ni cha nani, naye hakuamua peke yake.

Jumamosi hii, ukimaliza kupangusa viti vyako, mwite binti yako. Pindueni kimoja mtazame chini yake, umwambie kilitoka wapi na nani alikitengeneza, kama unajua. Halafu kigeuzeni, nawe ukikalie.